Tukienda Kuwalisha Kondoo

Ndugu wanafunzi, wengi wetu hapa Bulyanhulu tunajua habari za dhahabu kuliko za zizi. Tukienda shambani kuwalisha kondoo, tuzingatie haya.

Kwanza, tuwakaribie polepole. Kondoo ni mwoga. Akikimbia mmoja, wote humfuata. Tuchuchumae na tumpe chakula kwenye kiganja kilichonyooka. Hana meno ya mbele ya juu, ana ufizi mgumu tu.

Pili, chakula chake hasa ni majani. Tumbo lake lina vyumba vinne. Majani huchachuka katika kile kikubwa, kisha huyacheua na kuyatafuna tena. Akila mahindi au pumba nyingi kwa ghafla, tumbo huzidi asidi, na anaweza kufa. Basi tukiwa wanafunzi thelathini na kila mmoja akampa konzi moja, huruma yetu itamwua. Tumwulize mchungaji kiasi.

Tatu, asinywe maji ya mialo ya kuchenjulia dhahabu, kwani huweza kuwa na zebaki.

Mtume wetu (s.a.w.) alichunga mifugo ya watu wa Makka kwa ujira. Tusiidharau kazi hii. Mnyama ni amana.