Je, Wajua? Mgomba wa Kilomita ya Tano

Je, wajua kuwa kuna mgomba unaofahamika kwa watafiti wa ndizi duniani kote kwa jina la mji mdogo wa mkoa wa Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo? Ni Yangambi Km5. Yangambi iko ukingo wa kulia wa mto Kongo, kama kilomita 100 magharibi ya Kisangani. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo leo ni INERA, na Yangambi ikawa kituo chake kikuu. Mgomba huo ulichukuliwa kilomita tano kutoka kituoni.

Umaarufu wake umetokana na kustahimili ugonjwa wa michirizi myeusi kwenye majani. Ugonjwa huo, uitwao Sigatoka nyeusi, uliotambuliwa Fiji miaka ya 1960 na kuingia Afrika miaka ya 1970, huletwa na fangasi anayeshambulia majani. Geuza jani lililoanza kuugua: utaona vistari vya kahawia, kila kimoja kifupi kuliko punje ya mchele. Baada ya siku kadhaa vinarefuka kufuata mishipa ya jani, vinakuwa vyeusi, vinaungana, na jani linakauka. Mgomba uliopoteza majani huzaa mkungu mdogo, na ndizi huiva kabla ya wakati. Mashamba makubwa ya Costa Rica yanayouza ndizi nje hupuliziwa dawa zaidi ya mara 40 kwa mwaka.

Yangambi Km5 hujikinga bila dawa, na kwa namna ya ajabu kweli. Nyuzi za fangasi huingia ndani ya jani kupitia vitundu vya kupumulia. Zikigusa tu, seli za jirani na kitundu hufa mara moja. Fangasi huyu mwanzoni hula seli zilizo hai. Akizikuta zimekufa, anakwama pale pale alipoingilia. Seli chache zinapotea, jani zima linabaki kijani.

Ndizi zake ni fupi, tamu, zimebanana kwenye mkungu, na huliwa zikiiva. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Sigatoka nyeusi ilipokuwa ikiwasumbua wakulima wa Kagera, Tanzania, miche ya Yangambi Km5 iligawiwa huko pamoja na aina chotara za FHIA, taasisi ya utafiti ya Honduras. Ilitoka maabara ya Leuven, Ubelgiji, ambako vichipukizi vya migomba hutunzwa ndani ya vichupa vya kioo.