Diski Isiyopaswa Kuwahi

Saa nne usiku, nyumba imetulia, naandika neno moja kwenye terminali ya Linux: vax. Zinafuata amri nne au tano. Kumbukumbu iwe megabaiti 64, faili hili liwe diski, pakia programu ya kuwashia, washa. Skrini inajibu kwa jina la bodi, KA655-B, inatangaza kwamba majaribio ya mfumo yameanza, kisha tarakimu zinashuka moja baada ya nyingine: 40..39..38.. mpaka 3. Inatokea alama ya >>> na kimya. Mashine inangoja kuambiwa la kufanya.

KA655 ni bodi ya prosesa ya MicroVAX 3900, seva ya kampuni ya Marekani iitwayo Digital Equipment Corporation, ya miaka ya 1980. Kompyuta mpakato yangu haina bodi hiyo na haijawahi kuwa nayo. Lakini programu iliyokuwa kwenye chipu za bodi hiyo, ileile iliyoandikwa kiwandani, imejipima, imehesabu kumbukumbu, imepapasa vifaa vyake kimoja kimoja ikavikuta mahali pake, ikaridhika kwamba iko nyumbani. Nimeyaona haya mara nyingi, na bado tarakimu zile zikianza kushuka huacha nilichokuwa nikifanya nikazitazama.

Ukoo wa VAX ulianza mwaka 1977, VAX-11/780 ilipozinduliwa: makabati ya chuma, na ndani yake mfumo endeshi uitwao VMS. Vyuo, maabara na viwanda viliipokea kwa hamu kiasi kwamba kasi yake ikawa kipimo. Kompyuta mpya ilipotoka, watu waliuliza ni sawa na 780 ngapi. Baadaye mambo yakageuka. Digital ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998, utengenezaji wa VAX ukafikia kikomo mwaka 2000, na mwaka 2002 Compaq nayo ikamezwa na Hewlett-Packard. Waliokuwa na programu za kuendesha mitambo au kutunza hesabu za kampuni wakabaki na tatizo ambalo mafundi wa seva wanalijua vizuri: programu haizeeki, chuma kinazeeka. Kapasita hukauka, feni hukwama, diski huanza kulia. Na aliyeiandika programu amekwisha kustaafu, hakuna anayethubutu kuigusa.

Hapo ndipo kinapoingia kiigizi, yaani programu inayojifanya mashine nzima. Ninachotumia mimi kinaitwa SIMH. Kilianzishwa mwaka 1993 na Bob Supnik, mhandisi aliyefikia cheo cha makamu wa rais pale Digital, kwa hiyo alikuwa akiigiza mashine za nyumbani kwao. Leo kinaigiza PDP-8, PDP-11, VAX na hata mashine za makampuni mengine, kama IBM 1401. Kwa seva kubwa za IBM za ukoo wa System/370 watu hukimbilia Hercules, kiigizi kilichoanzishwa na Roger Bowler. Vyote viwili huendeshwa kwenye Linux bila malipo.

Moyo wa kiigizi ni mzunguko usiokoma: chukua agizo, lielewe, litekeleze, rudi kuchukua jingine. Rejista 16 za VAX zinageuka kuwa namba 16 ndani ya programu. Agizo la kujumlisha linajumlisha, kisha linaandika kama jibu ni sifuri, kama ni hasi, kama limefurika. Ukiishia hapo utadhani ni kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili. Lakini VAX ina maagizo zaidi ya 300, na baadhi yake ni programu nzima zilizojificha ndani ya agizo moja. MOVC3 hunakili fungu la baiti, hadi 65,535, kutoka mahali hadi mahali. Kumbukumbu ya VAX imegawanywa katika kurasa za baiti 512, na huenda katikati ya kunakili ukurasa unaohitajika usiwepo, uko kwenye diski. Prosesa halisi hukatiza agizo, huandika kwenye rejista za mwanzo ilipofikia, huinua alama kwamba sehemu ya kwanza imekwisha, huuachia mfumo endeshi uulete ukurasa, halafu huendelea pale ilipoachia. Kiigizi lazima kifanye vivyo hivyo, hatua kwa hatua, maana VMS itazichungulia rejista hizo na kutarajia kukuta kile ambacho mashine ya chuma ingeacha.

Lakini kilichonifunza zaidi ni diski. Siku hizi diski ya VAX ni faili tu. RA81, iliyobeba megabaiti 456 kwenye sahani pana za inchi 14, inaingia yote kwenye kona ya diskiflashi ya mfukoni. VMS ikiomba kusoma, Linux inaleta data mara moja. Mtu angesema hiyo ni heri. Kwa kweli ni hatari. Programu ya kuendesha diski iliandikwa wakati sahani zilipaswa kuzunguka na kichwa kusogea. Mwandishi wake alijua kwamba baada ya kutoa amri ana nafasi ya kutosha kuweka sawa mambo yake, kuandika kwamba anangoja jibu, ndipo katizo lije kumwambia kazi imekwisha. Katizo likija papo hapo, kati ya agizo moja na linalofuata, linamkuta bado hajajiandaa. Programu iliyofanya kazi miaka mingi bila kosa inaanguka kwa sababu diski imewahi.

Kwa hiyo SIMH huzuia. Kazi inakuwa imekwisha, jibu liko mkononi, lakini kiigizi kinahesabu maagizo kadhaa ndipo kipige hodi. Ukifungua orodha ya rejista za kila kifaa utakuta namba za kuchelewesha, zilizowekwa kwa makusudi. Naamini hapa ndipo inapopimwa kazi ya kuigiza. Kasi kila mtu anaipata bure kutoka kwa kompyuta ya leo. Kujua ni wapi uchelewe, na kwa kiasi gani, kunadai mtu aliyeijua mashine kama fundi anavyoujua mlio wa injini.

Linux ndiye mwenyeji hapa, VAX ni mgeni, na mgeni huyu ana ulafi. VAX isipokuwa na kazi haizimi. Inazunguka mahali pamoja ikingoja, na kiigizi kwa uaminifu wake kinazunguka nayo. Matokeo yake kiini kimoja cha prosesa ya mwenyeji kinafanya kazi asilimia mia kwa ajili ya mashine ambayo haifanyi lolote, feni inavuma usiku kucha. Tiba ni mstari mmoja, set cpu idle=vms. Kiigizi kinajifunza kuutambua mzunguko wa uvivu wa VMS na kulala mpaka mdundo ujao wa saa, ambao huja mara 100 kwa sekunde. Baada ya hapo matumizi yanashuka hadi asilimia chache. Nawasihi wanaoanza wasiusahau mstari huo.

Mtandao ulinichukua wikendi nzima. VAX hupenda kuzungumza DECnet, itifaki ya Digital, na DECnet ina tabia ya ajabu: huibadilisha anwani ya kadi ya mtandao. Ukiipa mashine anwani 1.1, inazidisha eneo kwa 1024, inaongeza namba ya mashine, inapata 1025, na kadi inajitambulisha kama AA-00-04-00-01-04. Kwenye kebo hakuna shida. Kwenye Wi-Fi hakuna kinachopita, kwa sababu kituo cha Wi-Fi kinamjua aliyejisajili tu, na aliyejisajili ni mwenyeji, si mgeni wake. Tena, kiigizi kikitumia kadi ya mwenyeji moja kwa moja, wawili hawa wanaoishi ndani ya kompyuta moja hawasikilizani. Dawa ni kuunda ndani ya Linux kadi ya kufikirika iitwayo tap, kumpa mgeni, na kuiunganisha na kebo kwa daraja la programu. Zamani Linux yenyewe ilikielewa Kidecnet. Msimbo huo uliondolewa kwenye kerneli toleo la 6.1, mwaka 2022, na tangu hapo mwenyeji anabeba barua za mgeni bila kuweza kuzisoma.

Kazi hii pia imeokoa kumbukumbu za watu. Tepu za sumaku husomwa mara moja, kwa tahadhari, na kuwekwa kwenye faili ambamo kila fungu la data limetanguliwa na kufuatwa na baiti nne za urefu wake. Urefu umeandikwa pande zote mbili ili kiigizi kiweze kurudi nyuma, kama tepu ya kweli inavyorudi. Mwaka 2008 watafiti walizichukua karatasi za mwaka 1972 zenye msimbo uliochapwa wa kerneli ya Unix ya awali, wakaugeuza tena kuwa programu, wakauwasha juu ya PDP-11 iliyoigizwa na SIMH. Babu wa Linux aliinuka akiwa mgeni ndani ya nyumba ya wajukuu.

Kinachobaki kigumu ni ufunguo. VMS ya VAX isiyo na leseni inakuruhusu kuingia kupitia konsoli peke yake. Utaratibu wa leseni za bure kwa wapenzi wa VMS ulitangazwa mwaka 2020 kuwa unafikia mwisho. Chuma tumeweza kukiigiza, lakini ruhusa hutolewa na mwenye haki, na inaniuma kwamba mfumo mzuri namna hii unaweza kufungwa mlango wakati mwili wake umepatikana. Anayetaka tu kuiona VAX ikifanya kazi anaweza kuweka NetBSD, ambayo bado inaikubali.

Naandika amri ya kuwasha kutoka diski ya kwanza. VMS inaamka, inasita, inauliza tarehe na saa. Saa ya VAX ni rejista ya biti 32 inayohesabu sehemu za mia za sekunde, hujaa baada ya siku 497, na haijui mwaka. Kiigizi kimeiga hata usahaulifu huo. VMS yenyewe huhesabu muda kwa vipande vya nanosekunde 100 tangu tarehe 17 Novemba 1858, siku ambayo wanaastronomia huanzia mojawapo ya hesabu zao za siku, na nafasi iliyotengewa inatosha hadi mwaka 31086. Naandika siku, herufi tatu za mwezi, tarakimu nne za mwaka. Nabonyeza Enter, nayo inaendelea kuhesabu.