Mshauri wa Fedha: Tuulize Leseni Kabla ya Kukabidhi Akiba

Vitunguu vya Mang'ola vinapouzwa, na msimu wa watalii wa Ngorongoro unapomalizika, familia nyingi za Karatu hubaki na fedha za kutunza. Hapo ndipo hujitokeza mwenye maneno matamu, akijiita mshauri wa fedha.

Ndugu Waislamu, tusihadaike kwa kanzu wala salamu. Mwaka 2009 Serikali iliposimamisha shughuli za DECI, wengi walikuwa wamekwisha "kupanda mbegu" kwa kuwaamini watu wa dini.

Anayeshauri kuhusu hisa, hatifungani au sukuk kama kazi yake hutakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Wakala wa bima husajiliwa na TIRA. Leseni haiondoi tamaa moyoni, bali hutupatia pa kushitakia. Wala haithibitishi uhalali wa kisharia. Hilo tuwaulize wajuzi wa fiqhi ya miamala.

Surat al-Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la ndugu huandikwa, vipi akiba ya mayatima tuikabidhi kwa neno la mdomo?