Kofia ya Kauboi na Vichwa Vilivyoivaa

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Alichoondoka nacho ni pamoja na nyimbo tatu zenye jina moja: Chemirocha. Ule unaojulikana zaidi unaimbwa na wasichana, kinubi kikiwasindikiza taratibu, na wanayemwimba ni kiumbe nusu mtu nusu swala. Litamke jina hilo polepole, mara mbili tatu, nawe utamsikia mwenyewe akijitokeza: Jimmie Rodgers, Mmarekani ambaye santuri zake zilikuwa zimepanda hadi vilima vile pamoja na gramafoni.

Wakipsigis ni wafugaji. Hapo ndipo kichekesho kilipo, maana katika baadhi ya picha zake Rodgers amevaa kofia pana ya kauboi, lakini riziki yake ya awali haikuwa ng'ombe. Ilikuwa reli. Alizaliwa mwaka 1897, akakulia Meridian, Mississippi, akafanya kazi ya kufunga breki za mabehewa mpaka kifua kikuu kikamshinda. Tarehe 4 Agosti 1927, katika mji wa Bristol ulioko mpakani mwa Tennessee na Virginia, alirekodi nyimbo zake za kwanza. Miaka isiyotimia sita baadaye alikuwa amekufa, akiwa na miaka 35. Sauti yake aliirusha kutoka kifuani hadi juu kabisa ya koo na kuirudisha, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Sishangai kwamba huko Kapkatet walimwona kuwa si mtu kamili.

Basi hilo ndilo ningependa msomaji alishike kabla hajanunua au kupakua chochote: muziki wa kantri na muziki wa makauboi ni watu wawili waliovalishwa kofia moja.

Tuanze na makauboi wenyewe, wale wa kweli. Kwa takriban miaka ishirini baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha mwaka 1865, waliswaga makundi makubwa ya ng'ombe kutoka Texas kwenda kwenye vituo vya reli vya Kansas, kama Abilene. Ufundi wao, kuanzia tandiko hadi kamba ya kunasia ndama, waliurithi kwa wachungaji wa Meksiko, na wanahistoria hukadiria kwamba pengine mmoja kati ya kila wanne alikuwa Mweusi. Usiku walinzi wawili walilizunguka kundi, huyu akienda huku na yule kule, wakiimba kwa sauti ya chini ili ng'ombe wasishtuke na kutimka. Mmaasai au Msukuma hahitaji kuelezwa jambo hili. Mwendo wa wimbo ulikuwa mwendo wa farasi anayetembea, na maneno hayakuwa na haraka kwa sababu usiku wenyewe ulikuwa mrefu.

Kisha seng'enge ikaja, hati yake maarufu ya uvumbuzi ikatolewa mwaka 1874, malisho yakagawanywa, reli ikafika hadi Texas, na ile safari ndefu ikafa. Nyimbo nazo zingekufa kama John Lomax asingezikusanya katika kitabu chake cha mwaka 1910. Ule uitwao Home on the Range aliupata San Antonio kwa mwenye baa Mweusi aliyewahi kuwa mpishi wa misafara ya ng'ombe.

Waliozirudisha ni watu wa sinema. Gene Autry alikuwa mpiga simu za maandishi wa reli huko Oklahoma, akaanza uimbaji kwa kumwiga Rodgers, na mwaka 1934 akaonekana kwenye filamu akiimba. Roy Rogers, aliyemfuata kwa umaarufu, alitoka Ohio. Bob Nolan, ambaye kwangu ndiye mtunzi bora wa nyimbo za jangwani, alizaliwa Kanada na aliwahi kubeba mifuko ya vijiti vya gofu Los Angeles. Usicheke. Nyimbo zake kuhusu kiu na vumbi ni nzuri kuliko za wengi waliokunywa vumbi lenyewe.

Huku upande wa mashariki, kwenye milima ya Appalachia, kulikuwa na muziki mwingine kabisa: fidla kutoka Uskoti na Ayalandi, banjo iliyotokana na vyombo vya watumwa kutoka Afrika Magharibi, na tenzi za kanisani. Huo unaimba mama, nyumba, chupa na ndoa iliyovunjika. Wauzaji waliuita kwa jina la dharau, kama vile sisi tungesema muziki wa washamba wa milimani. Wanamuziki hawakulipenda jina hilo, na kofia ya kauboi, ambayo sinema zilikuwa zimeipa heshima, ilikuwa mavazi bora ya kulikimbia. Mwaka 1949 jarida la Billboard likaziita chati zake za muziki huu kantri na magharibi, ndoa ikasajiliwa. Mwaka 1962 likaliondoa neno magharibi. Kofia ilibaki, kauboi akaondoka.

Kwa hiyo wengi wetu tuliolelewa na Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton kwenye redio tunaijua kantri kwa moyo, lakini nyimbo za makauboi tumezisikia kidogo sana. Jim Reeves, Mtexas aliyekufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1964, aliimba karibu kabisa na maikrofoni, fidla nyingi zikimfunika kama blanketi. Ni mtamu, sikatai. Harufu ya ng'ombe haipo.

Anayetaka harufu hiyo aanze na Marty Robbins. Albamu yake, Gunfighter Ballads and Trail Songs, ilirekodiwa Nashville tarehe 7 Aprili 1959. Yote, kwa siku moja. Robbins alizaliwa Arizona, na babu yake mzaa mama alikuwa msimuliaji wa hadithi za magharibi aliyemjaza mjukuu kichwa. Kibao kikuu, El Paso, kinazidi dakika nne na nusu wakati ambapo redio zilitaka tatu au chini ya hapo, lakini mwanzoni mwa 1960 kilishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya kantri na ile ya pop pia. Sababu naiona kwenye gitaa la Grady Martin. Sikiliza jinsi linavyoingia katikati ya mistari kwa mapigo ya Kimeksiko, halirudii jambo moja mara mbili, kana kwamba ni mtu wa pili anayeijua hadithi na anamkumbusha msimuliaji. Waitikiaji wako nyuma, kama waliokaa upande wa pili wa moto. Hakuna kiitikio cha kushangilia. Kuna hadithi, nayo inaelekea kifo tangu ubeti wa kwanza.

Ya pili ni Red Headed Stranger ya Willie Nelson, ya mwaka 1975, na nikilazimishwa kubaki na moja tu, nitabaki na hii. Nelson alikuwa ameandikia wengine nyimbo kubwa huko Nashville, lakini sauti yake, inayochelewa na kuwahi mapigo apendavyo, watayarishaji waliifukia chini ya fidla. Nyumba yake ikaungua, akarudi Texas. Mkataba mpya na kampuni ya Columbia ulimpa uhuru wa kuamua albamu iweje, naye akaingia studio ndogo ya Garland na kikosi chake: dada yake Bobbie kwenye piano, Mickey Raphael kwenye kinanda cha mdomo, na gitaa lake la nyuzi za nailoni. Akasimulia habari za mhubiri aliyemuua mkewe na mpenzi wa mkewe, kisha akawa mtu wa kutangatanga. Wakubwa wa kampuni waliposikia kanda walidhani ni rasimu tu ya kuonyeshea, kazi yenyewe bado. Ilikuwa imekwisha. Ndani yake kulikuwa na wimbo wa zamani wa Fred Rose, Blue Eyes Crying in the Rain, uliompa Nelson nafasi ya kwanza kwenye chati ya kantri kwa mara ya kwanza kama mwimbaji. Kati ya noti na noti unasikia chumba chenyewe kikipumua. Isikilize usiku, bila kufanya kazi nyingine.

Habari za karibuni zinarudi palepale kwenye kofia. Beyoncé, binti wa Houston, alitoa albamu ya Cowboy Carter tarehe 29 Machi 2024 na kumweka ndani yake Linda Martell, ambaye mwaka 1969 alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye jukwaa la Grand Ole Opry. Chama cha muziki wa kantri hakikuiteua kwa tuzo hata moja. Februari 2025 Grammy zikaipa ya albamu bora ya mwaka na ya albamu bora ya kantri. Miezi michache baadaye waandaaji wa Grammy wakatangaza kuigawa tuzo hiyo ya kantri: moja ya kazi za asili, nyingine za kisasa. Watu wamegombana sana juu ya nia yao. Kwangu albamu yenyewe ni ndefu mno, ina nyimbo 27, na robo yake ingeachwa bila mtu kulia, ila pale inapomkumbusha msikilizaji nani walikuwa juu ya farasi wale, haina deni na mtu.

Kama hayo yote ni kelele kwako, yuko Colter Wall, kijana wa Saskatchewan, Kanada, mwenye sauti nzito ya mzee wa miaka sabini. Anafuga ng'ombe kweli. Albamu yake ya 2020, Western Swing & Waltzes and Other Punchy Songs, inachanganya nyimbo zake na za zamani, na ngoma zake hazizidi mwendo wa farasi anayetembea.