Ukuta wa Kalenga na Nyumba ya Mkulima

Watu wengi hudhani ya kuwa kujenga kwa mawe ni elimu iliyoletwa Uhehe na wageni. Sivyo. Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, palikuwa na ukuta wa mawe kabla Wadachi hawajaitwaa nchi. Mtwa Mkwawa ndiye aliyeamuru ujengwe kuuzunguka mji wake, na kimo chake kilipata kama futi 12. Hata jina la Iringa latokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake boma. Basi yafaa tuulize: ukuta wa mawe husimamaje, na huangushwa na nini?

Kwanza tutazame nchi nyingine yenye baridi na majabali. Kusini-magharibi ya Uingereza kuna nchi ya vilima iitwayo Dartmoor. Mawe yake ni graniti, mawe magumu ya jamii moja na majabali ya Iringa. Wakulima wa huko walijenga nyumba ndefu za mawe, na baadhi yake zimedumu zaidi ya miaka 400. Watu walikaa upande wa juu wa mteremko, na ng'ombe upande wa chini, wote chini ya paa moja, na njia ikipita katikati. Uchafu wa zizi ulitoka kwa mfereji upande wa chini, usiwafikie watu. Na joto la wanyama liliwafaa wakati wa baridi.

Ukuta wa nyumba hiyo una unene wa futi 2 au 3. Kwa kweli ni kuta mbili zilizokaribiana, na katikati hujazwa vijiwe na udongo. Mahali mahali fundi hulaza jiwe refu lishikalo pande zote mbili, ili zisiachane. Tena kila jiwe hukalia mawe mawili yaliyo chini yake, viungo visifuatane kwa mstari mmoja. Maana hapo ndipo ufa huanzia.

Mkulima wa Uhehe alikuwa na haja zile zile, naye akajenga tembe. Alisimamisha miti karibu karibu, akaikandika udongo. Paa lilikuwa bapa, la boriti na fito, nalo likafunikwa nyasi na udongo. Vyumba vilizunguka ua, na mifugo ikalindwa humo. Udongo wa paa hutunza joto la moto usiku kucha, wala haushiki moto upesi kama nyasi tupu. Lakini mchwa hula miti, na paa lataka kutengenezwa kila mwaka kabla ya mvua.

Adui wa nyumba hizi zote ni maji. Jiwe halipati kuoza. Lakini maji yakiingia kwa juu huosha udongo ulio katikati, na mawe huteleza moja moja. Nyumba ya Dartmoor husimama maadamu ina paa, na ina mtu wa kuitunza. Paa likiisha kuanguka, ukuta nao hufuata.

Ndivyo ilivyokuwa Kalenga. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wadachi, wakiongozwa na Gavana von Schele, waliishambulia ngome kwa mizinga wakaitwaa. Baadaye walijenga mji mwingine mahali ulipo mji wa Iringa leo. Ukuta ukabaki bila mwenyewe, na leo yamesalia mabaki machache tu. Wageni wafikao Kalenga huingia katika jumba la makumbusho kutazama fuvu la Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954. Lakini mabaki ya ukuta hupitwa kama mawe ya shambani.

Kwa hiyo ajengaye na achimbe msingi mpaka udongo mgumu, atokeze paa mbele ya ukuta, na kukata mfereji wa kuondoa maji. Nao walimu wawachukue wanafunzi wakapime mabaki ya Kalenga, wayaandike, na kuwauliza wazee habari zake. Jiwe likiisha kuondolewa mahali pake, halisimulii tena. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa Mkwawa hapana awezaye kuujenga mara ya pili.