KIUNGO ALIYEKUBALI KURUDI DARAJA LA CHINI



Huku kwetu Ngorongo, jua likipunguza ukali na watoto wakishuka madunguni walikokuwa wakiamia mpunga, uwanja wetu hujaa vijana wa mpira. Kila mmoja ataka kufunga goli. Ukimwambia kijana, "Wewe leo cheza katikati," hununa. Basi nataka nikusimulie habari za mchezaji mmoja wa katikati, Mkenya, jina lake Victor Wanyama. Maisha yake yana fundisho kwa kijana anayecheza, na zaidi kwa sisi wazazi tunaotazama.

Kwanza, kazi ya kiungo ni nini? Wazee wetu walimwita hafu. Yeye humpokonya adui mpira, akampa mwenzake, kisha akarudi upesi kuziba pengo. Watu humshangilia aliyefunga. Aliyetoa mpira husahauliwa. Ni kama nguzo ya dungu: mwenye shamba hutazama ndege, wala haikumbuki nguzo mpaka siku imeoza.

Victor alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1991. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, na kaka yake, McDonald Mariga, alimtangulia kwenda Ulaya. Mwaka 2007, akiwa bado kijana mdogo, Victor alimfuata kaka yake katika klabu ya Helsingborg, huko Sweden. Lakini kaka alipohamia Italia, mdogo alirudi nyumbani. Angalia hapo, msomaji: kurudi kule hakukuwa mwisho wake. Mwaka 2008 alipata klabu nchini Ubelgiji, na mwaka 2011 alichukuliwa na Celtic ya Glasgow, katika nchi ya Uskoti. Mwalimu wa timu hiyo alikuwa Neil Lennon. Tafadhali likumbuke jina hilo.

Celtic si klabu ya kawaida kwetu Wakatoliki. Iliundwa mwezi Novemba 1887 katika ukumbi wa Kanisa la Mtakatifu Maria, Glasgow. Aliyeianzisha ni Bruda Walfrid, mtawa wa Shirika la Wamaristi, mzaliwa wa Ireland. Bruda huyo aliona watoto maskini wa parokia wakishinda na njaa, akafikiri hivi: watu wakilipa kiingilio kutazama mpira, fedha zile zitanunua chakula cha watoto. Ndivyo klabu ilivyozaliwa.

Tarehe 7 Novemba 2012, siku moja tu baada ya klabu kutimiza miaka 125, Celtic ilikutana na Barcelona katika Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Ilipigwa kona, Wanyama akaruka juu ya wote, akaupiga mpira kwa kichwa hadi wavuni. Celtic ilishinda 2 kwa 1. Siku ile yule mfanya kazi wa katikati alijulikana duniani.

Mwaka 2013 Southampton ya Uingereza ilimnunua, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya nchi hiyo. Mwaka 2016 alihamia Tottenham ya London. Huko aliumia goti, akakaa nje miezi mingi. Na alipopona alikuta nafasi yake si ile tena. Sisi Watanzania twamkumbuka Juni 2019 nchini Misri, alipokuwa nahodha wa Kenya, wakatufunga 3 kwa 2 katika Kombe la Afrika. Mwaka 2020 alikwenda Montreal, Kanada, akacheza huko kwa miaka kadhaa.

Kisha ukafika mwaka 2025. Wanyama ana miaka 33, goti limechoka, naye hana klabu. Yule mwalimu wake wa zamani, Neil Lennon, alikuwa amepewa timu ya Dunfermline Athletic, iliyokuwa daraja la pili la Uskoti ikihangaika isishuke zaidi. Mwalimu alimwita. Naye, aliyeifunga Barcelona, alikubali kwenda kwa mkataba mfupi wa mpaka mwisho wa msimu tu. Timu ilinusurika, haikushuka.

Mji huo wa Dunfermline ndiko alikozikwa Mtakatifu Margareti, Malkia wa Uskoti, aliyefariki mwaka 1093, ambaye sikukuu yake twaiadhimisha tarehe 16 Novemba. Malkia yule alikuwa akiwalisha yatima na maskini kwa mikono yake mwenyewe. Hakuona kwamba kuinama kwapunguza cheo.

Kwa nini nayaandika haya? Watu wetu husema, aliye juu mngoje chini. Na wakimwona ameshuka, hucheka. Kijana mmoja wa kijijini kwetu alikwenda mjini kujaribiwa katika timu kubwa. Hakuchukuliwa. Aliporudi na begi lake, watu walimpa jina la dhihaka, na baba yake akamwambia, "Umenitia aibu." Nami nakiri mbele yako, msomaji: nilicheka pamoja nao. Tangu siku ile hafiki uwanjani, na Jumapili hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili atoke kabla ya wengine.

Sisi tuliocheka ndio tuliomfunga miguu, wala si timu iliyomkataa. Victor naye alirudi nyumbani mara ya kwanza, lakini njia yake ya Ubelgiji ilianzia hapo hapo. Mzazi mwenzangu, mwanao akirudi mikono mitupu, iwe ni kutoka mpira, shule au kibarua, usimpokee kwa hesabu ya nauli uliyotoa. Mpe maji aoge, mpe chakula ale. Baada ya siku chache muulize amejifunza nini huko, kwa maana hakosi alilojifunza.

Jumapili iliyopita nilimngoja pale mlangoni, nikamwomba msamaha. Kisha nikamwomba awafundishe mpira watoto wa katekisimu kila Jumamosi jioni. Hakunijibu. Lakini Jumamosi hii nitaupeleka mpira uwanjani mapema, nimngoje.