Nenosiri ni Sahihi, Nyumba Haionekani: Matatizo ya Kuingia katika Kompyuta Zinazohifadhi Kazi kwenye Seva

Katika vyuo, maktaba na ofisi nyingi, kompyuta iliyo mezani haihifadhi kazi ya anayeitumia. Barua, majedwali, picha na mipangilio ya kila mtumiaji huwekwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu iliyo katika chumba kingine na pengine katika jengo jingine. Kompyuta ya mezani huvifikia vitu hivyo kwa njia ya mtandao kila mtumiaji anapoingia. Sehemu ya seva aliyotengewa mtu mmoja huitwa folda yake ya nyumbani.

Msomaji wa Moshi hahitaji mfano wa mbali. Mtu mwenye kihamba Kibosho au Mwika anaweza kupanga chumba popote mjini, lakini nyumba na mali yake viko mlimani. Siku barabara inapoharibika kwa mvua za masika, ufunguo alionao mfukoni bado ni halali, na nyumba haijabomoka. Kilichokosekana ni njia. Hata hivyo, watumiaji wengi wa kompyuta wanaposhindwa kuingia huanza kwa kuulaumu ufunguo: huandika nenosiri mara kumi hadi akaunti ikafungwa, au humruhusu fundi afute kila kitu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutambua kilichokatika kabla ya kuchukua hatua itakayoleta hasara.

Mpango wenyewe si mgeni. Mwaka 1983 chuo cha MIT nchini Marekani kilianzisha mradi ulioitwa Athena, kwa lengo la kumwezesha mwanafunzi kukaa mbele ya kompyuta yoyote chuoni na kukuta kazi zake zinamsubiri. Katika mradi huo ulizaliwa utaratibu wa kuthibitisha watumiaji uitwao Kerberos. Mwaka uliofuata kampuni ya Sun Microsystems ilibuni NFS, utaratibu wa kuyafikia mafaili ya kompyuta nyingine kana kwamba yamo katika kompyuta uliyokalia. Vyote viwili vingali vinatumika, na Kerberos imo pia ndani ya mitandao ya ofisi inayoendeshwa kwa Windows.

Mambo matatu nyuma ya ukurasa mmoja

Mtumiaji huona ukurasa mmoja wa kuingilia, lakini nyuma yake hufanyika mambo matatu. Kwanza, seva huulizwa kama jina na nenosiri vinalingana. Pili, kompyuta hutafuta njia ya kuifikia folda ya nyumbani. Tatu, programu za skrini huanza kuandika vijifaili vyake ndani ya folda hiyo. Zikishindwa kuandika, hazifunguki.

Kila hatua ikikwama hutoa dalili yake. Ujumbe wa kukataliwa mara moja humaanisha hatua ya kwanza. Skrini inayosubiri bila mwisho, bila neno lolote, mara nyingi ni hatua ya pili. Na ikiwa nenosiri linakubaliwa, skrini inakuwa nyeusi kwa kitambo kifupi, kisha ukurasa wa kuingilia unarudi kimya kimya, shida iko kwenye hatua ya tatu, na kubadilisha nenosiri hakutasaidia chochote.

Kabla ya kumwita mtu yeyote, fanya jaribio moja lisilogharimu kitu. Jaribu kuingia kwa jina lako katika kompyuta nyingine. Halafu mwombe mwenzako aingie kwa jina lake, akiandika nenosiri lake mwenyewe, katika kompyuta iliyokukatalia. Ukikataliwa kote huku mwenzako akiingia vizuri, tatizo liko kwenye akaunti au folda yako. Ukiingia kwingine, naye akakwama kwako, tatizo ni la kompyuta ile. Mkikwama wote kila mahali, tazameni seva au mtandao. Anayemwagilia kwa mfongo huko mlimani anajua kwamba maji yakikauka shambani kwake hana budi kwanza kuchungulia kwa jirani wa juu. Akikuta kwa jirani nako kumekauka, haoni sababu ya kuchimba mfereji wake.

Saa

Kisababishi kisichodhaniwa kabisa ni saa. Kerberos hutoa vibali vyenye muhuri wa muda, ili mwizi asiweze kutumia kibali cha zamani. Kwa mpangilio wa kawaida, saa ya kompyuta ya mezani ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, mtumiaji hukataliwa, na ujumbe anaouona huenda usitaje saa hata kidogo.

Kompyuta hupoteza majira pale betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao wake mkuu inapokwisha nguvu: umeme ukikatika, tarehe hurudi miaka kadhaa nyuma. Hapo mtu huirekebisha kwa mkono, na makosa mawili hujitokeza. La kwanza linatokana na desturi yetu ya kuhesabu saa: ni saa nne asubuhi, naye huandika 4:00 badala ya 10:00, tofauti ya saa 6. La pili ni gumu kuligundua. Kompyuta imepangwa kwa majira ya London, mtumiaji anaona imechelewa, anasogeza saa mbele hadi ilingane na ile ya ukutani. Macho yanaridhika, lakini seva hailinganishi saa za ukutani. Hulinganisha saa ya dunia, na kwa hesabu hiyo kompyuta sasa iko mbele kwa saa 2 au 3, kutegemea msimu wa Uingereza. Dawa ni kuchagua majira ya Afrika Mashariki kwanza, ndipo saa irekebishwe, kisha fundi aiagize kompyuta ichukue saa kutoka kwenye seva yenyewe. Betri ikiwa ndiyo mkosaji, ibadilishwe. Ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa katika kompyuta.

Umeme unaporudi

Umeme ukirudi baada ya kukatika, vifaa haviamki kwa kasi moja. Kompyuta ya mezani mara nyingi huwa tayari kabla ya seva, huitafuta folda ya nyumbani, huikosa, na huenda isiitafute tena. Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni kuwasha swichi za mtandao kwanza, kisha seva, na kompyuta za mezani mwisho. Aliyekwisha kuwasha mapema aiwashe upya kompyuta yake baada ya seva kuwa tayari.

Hali ni tofauti kwa aliyekuwa tayari kazini seva ilipozimika huku kompyuta yake ikibaki hai kwa umeme wa akiba. Skrini yake itaganda. Katika mipango mingi ya NFS kuganda huko ni kwa makusudi: programu inasubiri, na seva ikirudi huendelea pale ilipoachia. Subira hapa ina faida kuliko kitufe cha kuzimia, ambacho hupoteza yale ambayo hayajahifadhiwa.

Kompyuta inayotegemea mtandao usiotumia waya ina tatizo lake. Mara nyingine mawasiliano hayo huanza baada tu ya mtu kuingia, ilhali yeye hawezi kuingia vizuri bila mawasiliano. Unganisha kebo ya mtandao ujaribu tena. Ikikubali, fundi aupange mtandao huo uanze kabla ya ukurasa wa kuingilia.

Nyumba iliyojaa, na nyumba yenye namba ya mwingine

Msimamizi wa seva kwa kawaida humwekea kila mtumiaji kikomo cha nafasi. Kikifikiwa, hakuna kijifaili kinachoweza kuandikwa tena, na mtumiaji hurudishwa mlangoni bila maelezo. Katika kompyuta za Linux, kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Alt na F3 mara nyingi huleta skrini ya maandishi matupu. Nenosiri likikubaliwa hapo ilhali skrini ya kawaida inakataa, folda iliyojaa ndiyo ya kushukiwa kwanza. Msimamizi anaweza kufuta takataka na mabaki ya kivinjari bila kugusa kazi yako. Kinachojaza nafasi kwa kawaida si kazi, bali ni video za sendofu zilizohamishwa kutoka kwenye simu.

Kuna pia sababu ya kimaumbile ambayo mtumiaji hawezi kuitatua mwenyewe. Seva za aina hii hazimtambui mtu kwa jina. Humtambua kwa namba. Seva ikibadilishwa, na majina yakaingizwa upya bila kuzingatia namba za awali, mtu anaweza kufungiwa nje ya folda yake au, vibaya zaidi, kufunguliwa folda ya mwenzake. Ukiona mafaili yasiyo yako, toka mara moja na utoe taarifa kwa maandishi. Jambo hilo linagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Skrini tupu: hatari iliyo kubwa kuliko kukataliwa

Kukataliwa mlangoni kunaudhi, lakini hakupotezi kitu. Kinachopoteza kazi za watu ni kuingia vizuri, nenosiri likakubaliwa, kisha ukakuta skrini tupu kana kwamba kompyuta ni mpya.

Baadhi ya kompyuta hukumbuka nenosiri lililotumika mara ya mwisho, hivyo humruhusu mtu aingie hata seva ikiwa haipatikani. Kwa kuwa folda ya nyumbani haikuonekana, kompyuta humtengenezea kibanda cha muda. Windows hutoa tangazo dogo pembeni kwamba umeingia kwa wasifu wa muda na kwamba utakachounda kitafutwa utakapotoka. Tangazo hilo ni la kweli neno kwa neno. Tuseme karani wa chama cha msingi cha kahawa ameketi siku nzima akiingiza kilo za wakulima kwa ajili ya malipo, akazihifadhi kwenye skrini ya kwanza, akazima na kwenda zake. Kesho yake hakuna orodha, na wakulima wamekwisha kutangaziwa siku ya kulipwa.

Linux inaweza kufanya jambo linalofanana kwa namna ya kutatanisha zaidi. Folda ya muda hufunguliwa ndani ya diski ya kompyuta ile ile. Kesho seva ikipatikana, folda halisi huwekwa juu yake, na kazi ya jana haionekani tena. Mtumiaji huamini imefutwa. Haijafutwa, iko chini, imefunikwa. Fundi anayeelewa ataiondoa kwa muda folda ya seva, aangalie kilicho chini yake, na kukinakili.

Kwa hiyo, ukikuta skrini tupu usianze kazi. Usihifadhi chochote pale. Ikiwa umekwisha kufanya kazi kabla ya kugundua, usitoke wala kuzima: nakili kazi hiyo kwanza kwenye flashi au itume kwa barua pepe, kisha hakikisha inafunguka huko ulikoipeleka.

Kumwita fundi

Mpe fundi mambo manne: maneno ya ujumbe ulivyoyaona (piga picha kwa simu), saa ulipotokea, namba ya kompyuta, na matokeo ya lile jaribio la kompyuta mbili na watu wawili. Taarifa hizo humwokolea muda, na huokoa fedha zako ikiwa unamlipa kwa saa. Usimpe nenosiri. Msimamizi halali wa seva anaweza kukuwekea jipya bila kulijua la zamani, na nawe utalibadilisha ukishaingia.

Kataa pendekezo la kwanza la “kupiga Windows” upya. Ikiwa tatizo liko kwenye seva, saa, kikomo cha nafasi au kebo, kuifuta kompyuta ya mezani hakutatui lolote. Kazi zilizo kwenye seva zitabaki salama, ni kweli. Lakini ile iliyokuwa imefunikwa ndani ya diski ya kompyuta ndiyo itakayofutika, nayo huenda haina nakala popote. Ikibidi kufuta, diski inakiliwe kwanza, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye risiti.

Mwulize pia msimamizi wa seva swali moja ambalo ofisi nyingi hazijawahi kuliuliza: nakala rudufu ya folda za nyumbani huchukuliwa lini, na ni lini mara ya mwisho ilijaribiwa kurejeshwa? Folda iliyo kwenye seva moja isiyo na nakala haiko salama kuliko ile iliyo mezani.

Malalamiko

Tatizo la seva, akaunti au kompyuta hupelekwa kwa kitengo cha TEHAMA cha taasisi husika, na lisiposhughulikiwa hupelekwa kwa mkuu wa taasisi kwa maandishi. Ikiwa seva iko mbali na kinachokatika ni huduma ya intaneti inayolipiwa, malalamiko huanzia kwa mtoa huduma; dai namba ya kumbukumbu na uitunze. Asipotoa suluhisho, lalamiko hilo pamoja na namba yake hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Taarifa za mtu zikifunguliwa na asiyehusika, pa kulalamikia ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ambatisha picha ya ujumbe uliouona na tarehe zote ulizotoa taarifa.